Mgongo wa Mrushaji

Watu waliojaa stendi ya Bariadi mchana ule walidhani mtu amekufa. Basi la Mwanza lilikuwa limetoka kushusha abiria, wapiga debe wanagombea mizigo, bodaboda wanaita wateja, na katikati ya kelele zote hizo mwanamume mmoja mrefu kupita kawaida alikuwa amelala chali juu ya zege, mikono kifuani, macho kayafumba. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri na raba ambazo Bariadi nzima usingezikuta dukani. Pembeni yake kulikuwa na begi refu la magurudumu, refu kiasi kwamba muuza karanga mmoja alianza kuwaambia wenzake kuwa ndani mna bunduki, wasogee.

Evalina Mihayo hakusogea. Alikuwa anatoka kwao Maswa, begani amebeba mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, aliyopewa na mama yake, amevaa gauni la kitenge cha bluu lililomkaa sawasawa na nywele kazisuka mistari midogo ya kurudi nyuma. Alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika sekondari moja ya pale mjini, na kazi hiyo ilikuwa imemfundisha kutoogopa kundi la watu. Alipenya, akafungua mwavuli wake, akamkinga mtu yule jua la Oktoba lililokuwa linampiga usoni.

"Kaka, unaumwa?"

Mwanamume alifumbua jicho moja. "Hapana. Nanyoosha mgongo."

"Hapa?"

"Kwingine kote kuna watu."

"Hata hapa wapo. Wamekuzunguka kama msiba."

"Ndiyo maana nimefumba macho."

Evalina alicheka bila kutaka. Mwanamume naye akatabasamu, bado amelala, na tabasamu lile likaufanya uso wake uliochoka uonekane wa kijana.

"Dada, nisaidie kitu kimoja. Simama hapo hapo na mwavuli wako, dakika mbili tu. Nitaamka mwenyewe."

Alisimama. Mwanamume alijiviringisha ubavu, akapiga magoti, kisha akajiinua kipande kipande, mpaka Evalina akajikuta anatazama juu kama mtu anayetafuta nyota.

"Yesu wangu. Kwenu mlikula nini?"

"Ugali na maziwa mgando. Kwetu Sola. Naitwa Malimi, Malimi Ndaki."

"Sola ya Maswa? Basi wewe ni wa kwetu. Na hilo begi? Watu wanasema ni bunduki."

"Ni viatu, nguo nyeupe na mipira. Nacheza kriketi."

"Ile ya Wahindi?"

"Ya Wahindi, ya Waingereza, ya Wanepali," alisema Malimi. "Na ya mtu mmoja wa Sola."

Aliomba namba ya simu kwa adabu, kama mtu anayeomba maji. Evalina alimpa, na njia nzima ya kurudi kwake Somanda alijiuliza kwa nini hakumpa namba ya uongo kama alivyozoea kuwafanyia wanaume wa stendi.

Simu zikaanza. Malimi alipiga saa kumi jioni, muda ambao Evalina alikuwa anatoka shuleni, na hakuwa mtu wa maneno matamu yaliyozoeleka. Alikuwa na visa. Alimsimulia namna baba yake mdogo alivyomchukua akasome Dar es Salaam, na namna mwalimu wa michezo alivyomwona siku moja akirusha jiwe likavuka paa la bwalo, akamshika mkono na kumpeleka kwenye uwanja wa kriketi siku ile ile. Akaingia timu ya vijana. Zikafuata klabu za Kampala na Nairobi, kisha simu kutoka mbali zaidi: Namibia, Nepal, Oman, Uholanzi, na viangazi viwili katika vijiji vya Uingereza ambako mvua ilinyesha zaidi ya walivyocheza. Miaka kumi na mitatu. Alikuwa na pasipoti mbili zilizojaa mihuri, na hapakuwa na mahali popote duniani alipokuwa na kitanda chake mwenyewe.

"Kwa hiyo wanakulipa urushe mpira," Evalina alimchokoza.

"Wananilipa nimtishe mtu kwa mpira. Kuna tofauti, mwalimu."

"Na mtu huyo amekukosea nini?"

"Amesimama mbele ya vijiti ninavyotaka kuviangusha."

Ilikuwa Novemba alipomwonyesha. Siku ya Jumamosi, uwanja wa shule ukiwa mtupu, Malimi alichomeka vijiti vitatu vya mkaratusi ardhini, akapima mahali pa kudondoshea mpira, akarudi nyuma hatua ishirini na mbili. Evalina alikaa kwenye jiwe akishika soda yake. Mtu aliyekuwa akipanda ngazi kama mzee alipoanza kukimbia akawa kiumbe kingine. Miguu ilishika ardhi kwa mapigo, kila pigo refu kuliko lililotangulia, kisha akaruka, mwili wote ukapinda kama upinde, mkono ukapita juu ya sikio umenyooka, na mguu wa kushoto ukatua kwa kishindo ambacho Evalina alikisikia kwenye jiwe alilokalia. Mpira hakuuona. Aliona kijiti cha katikati kikizunguka hewani.

Alisimama, soda imemwagikia gauni. Alikuwa ameolewa moyoni dakika ile, ingawa hakumwambia mtu.

Lakini Malimi alikuwa amempa mgongo. Alisimama kule mwisho wa mbio zake, mikono magotini, na alipogeuka midomo yake ilikuwa imekaza.

"Vumbi," alisema. "Limeniingia machoni."

Mambo ya mapenzi yana upofu wake. Evalina aliona kwamba Malimi hakuwahi kukaa kwenye kiti zaidi ya robo saa. Aliona kwamba alipoangusha kitu alikitazama kwanza, kama mtu anayejiuliza kama kina thamani ya kuokotwa. Aliona, akanyamaza, kwa kuwa Malimi alikwishamwambia kwamba mwezi wa nne anakwenda Uskoti, klabu imempa mkataba wa msimu mmoja, na akirudi atatuma wazee kwao Maswa. Mtu akiahidiwa hivyo na mtu anayempenda, anajifunza kutotazama sana.

Desemba, siku ya mvua, Evalina alipata sato wabichi waliotoka Lamadi asubuhi ile. Akawafunga kwenye mfuko, akachukua bodaboda mpaka mtaa wa Malambo, Malimi alikopanga chumba. Alibisha.

"Nakuja," sauti ilisema ndani.

Alisubiri. Maji ya mvua yalimchuruzika shingoni. Alisikia kitu kikiburuzwa sakafuni, kikasimama, kikaburuzwa tena. Kitasa kiligeuka, mlango ukafunguka, na mbele yake hapakuwa na mtu. Kisha akatazama chini.

Malimi alikuwa amelala kwa tumbo, kajifunga shuka kiunoni, jasho linamtoka kama mtu aliyechimba kisima. Alikuwa ametambaa kutoka kitandani.

"Usiniinue," alisema. "Ukiniinua nitapiga kelele, na majirani watadhani unanipiga."

Hakucheka mtu. Evalina alikaa sakafuni palepale, akamwekea kichwa chake mapajani, samaki wamesahaulika mlangoni. Maumivu yalipopungua, Malimi alimwelekeza kwenye begi refu, mfuko wa pembeni. Kulikuwa na karatasi ya daktari wa Oman, kwa Kiingereza. Evalina aliisoma mara mbili, kama alivyokuwa akiwaambia wanafunzi wake wafanye. Mfupa wa chini ya mgongo ulikuwa na ufa. Ilikuwa mara ya tatu, mahali pale pale. Mchezaji aache kurusha mpira kabisa. Akiendelea anaweza kupoteza nguvu za miguu.

"Uskoti wanajua?"

"Hawajui. Watapima mapafu na moyo, na watapiga simu mbili tatu kuuliza. Ni msimu mmoja tu, Eva."

"Na nikiolewa, nitaolewa na nani? Na mtu anayefungua mlango kwa kutambaa?"

Mvua ilikuwa inapiga bati, ikabidi Malimi apandishe sauti aliposema neno ambalo mtu angependa kulinong'ona.

"Mama alipofariki nilikuwa Nepal."

"Najua. Tiketi ilikosekana."

"Tiketi ilikuwepo. Kaka yangu alinipigia asubuhi, na klabu walishanitafutia ndege ya jioni. Fainali ilikuwa kesho yake. Kocha alisema uamuzi ni wangu. Nilizima simu, Eva. Nikacheza. Walimzika mimi nikiwa uwanjani."

"Baba yako anajua?"

"Baba anajua ile ya kukosekana tiketi."

Evalina alimpapasa kichwa.

"Sasa wewe ni mwalimu, nijibu," Malimi alisema. "Nikiacha leo, sijafika popote, sina jina, sina nyumba. Nitakuwa nilimwacha mama azikwe bila mimi kwa ajili ya nini?"

Malimi alimshika mkono akamwomba siri ile isitoke mle chumbani, na Evalina, akiwa na kichwa cha mtu anayempenda mapajani, aliahidi.

Aliishika ahadi hiyo mpaka katikati ya Februari.

Alikuwa kwenye baraza la ofisi ya walimu, anasahihisha insha, simu ya namba ndefu ya kigeni ilipoingia. Mwanamke wa upande wa pili alijitambulisha kwa Kiingereza cha taratibu: anaitwa Nancy, anashughulikia afya ya wachezaji wa klabu. Malimi Ndaki amemwandika Evalina kwenye fomu kuwa mtu wake wa karibu. Ni maswali ya kawaida, hayachukui muda.

Aliuliza kama Malimi anakunywa pombe. Evalina alisema hapana. Aliuliza kama analala vizuri. Evalina alisema kiasi.

"Na tangu Oktoba, amewahi kupata maumivu yanayomzuia kufanya shughuli zake za kila siku?"

Evalina alitazama daftari lililokuwa mbele yake. Asubuhi ile ile, kabla ya kipindi cha kwanza, alikuwa amepitia Malambo kumfunga Malimi kamba za viatu, kwa kuwa hakuweza kuinama.

"Bi Evalina, bado upo?"

"Nipo."

"Ni ndiyo au hapana tu."

Neno moja lingetosha, na alikuwa nalo mdomoni. "Ndiyo," alisema, na lile lilipotoka likavuta mengine. Alieleza habari ya sakafu, ya kamba za viatu, ya karatasi ya Oman. Alisema yote kwa Kiingereza safi, sarufi haina kosa, machozi yanadondokea insha ya mtu. Nancy alimsikiliza hadi mwisho, akamshukuru kwa sauti iliyokuwa imeshuka.

Siku mbili baadaye klabu ilimwandikia Malimi ujumbe mfupi kwenye simu kwamba mkataba umesitishwa, barua rasmi itafuata.

Hapo ndipo Evalina alipokosea, na mwenyewe alikuja kukiri hivyo. Angeweza kumwambia jioni ile. Alikwenda na nia hiyo, amevaa gauni la kijivu kama mtu anayekwenda kuhani. Alimkuta Malimi amesimama dirishani, simu mkononi. Alipomgusa bega, mtu yule mrefu aliangua kilio, na Evalina akaona si wakati wake. Kesho yake pia haikuwa wakati wake. Akampikia, akamkanda mgongo kwa mafuta ya moto, akamsikiliza akijiuliza nani kamchongea, kama ni daktari wa Oman au mchezaji mwenye wivu. Wiki mbili alimtuliza kwa mikono ile ile iliyomuumiza. Kila siku iliyopita, maneno yalizidi kuwa mazito, kama jiwe unalolibeba ukitafuta mahali pa kulitua.

Barua rasmi ikafika. Ilisema kwamba klabu imefikia uamuzi huo kutokana na maelezo ya mtu wake wa karibu.

Malimi alimsubiri kwenye lango la shule, saa kumi, wanafunzi wakiwa wanatoka. Alivaa koti la michezo lililofungwa zipu mpaka shingoni ingawa kulikuwa na joto. Hakumwita Eva.

"Mwalimu, ulipokea simu."

Evalina aliweka chini mkoba wake. "Nilipokea."

"Ukasema."

"Waliniuliza, Malimi. Ningedanganya, ukavunjika huko, ningekaaje na hilo?"

"Hilo la kusema labda nitalielewa siku moja." Sauti yake haikupanda, na afadhali ingepanda. "Umenipikia wiki mbili. Nimelia begani kwako. Nikataja majina ya watu, nikawalaani, wewe umekaa unanitazama."

"Ningekwambia."

"Lini?"

Wanafunzi wawili walipita wakamwamkia, "Shikamoo madam," akaitikia bila kuwaona. Alipogeuza macho, Malimi alikuwa amekwisha kuanza kuondoka, taratibu, mguu mmoja ukichelewa kidogo nyuma ya mwingine. Alimwita mara moja. Hakugeuka.

Kesho yake chumba cha Malambo kilikuwa kitupu. Simu ikawa haipatikani. Evalina alipiga asubuhi, alipiga mapumziko ya saa nne, alipiga saa kumi, mpaka ile sauti ya kike inayosema namba haipatikani akaanza kuichukia kama mke mwenza. Masika ilikuwa nzito mwaka ule. Alifundisha, alisahihisha, alikwenda kanisani, na walimu wenzake walipouliza habari za yule mrefu wake alisema amesafiri, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Mwezi wa tano alipigiwa na Amoni. Alimfahamu kwa visa tu: rafiki wa Malimi tangu Dar es Salaam, mchezaji mwenzake wa kriketi, sasa anacheza kwenye nchi za Ghuba.

"Shemeji," alisema, "amenikataza nisikwambie. Lakini nimechoka kubeba peke yangu."

Malimi alikwenda kwake Machi, akaomba atafutiwe timu. Kulikuwa na mashindano madogo ambako hakuna anayekuuliza habari za mgongo. Alicheza akiwa amechomwa sindano ya kutuliza maumivu. Mechi ya kwanza alirusha vizuri, watu wakasimama kumshangilia. Mechi ya pili, mpira wa tatu, alitua mguu wa kushoto akaendelea kwenda chini. Hakupiga kelele. Walimfanyia upasuaji, akalala hospitali wiki tano.

"Atatembea?" Evalina aliuliza.

"Anatembea, kwa fimbo. Mguu wa kushoto kuanzia goti kwenda chini hausikii vizuri. Kukimbia, shemeji, hapana. Hilo limekwisha. Wiki ijayo namsindikiza uwanja wa ndege, anarudi kwa mzee."

Evalina alisubiri mpaka Julai. Hakuwa na hakika kama ni heshima au ni woga. Jumamosi moja alivaa gauni lake la bluu, akapanda gari mpaka Maswa, na kutoka Maswa akachukua bodaboda kwenda Sola. Mashamba yalikuwa yameshavunwa karibu yote, pamba imejaa nyua za watu.

Mzee Ndaki alikuwa amekaa kwenye kigoda uani kwake, anachambua pamba, safi huku na chafu kule. Alikuwa mrefu kama mwanawe, amekunjamana kwa umri.

"Mwadila, baba," alimsalimia kwa Kisukuma. "Shikamoo."

"Marahaba, mayu." Alimwita mama kwa lugha yao. "Wewe ndiye mwalimu."

"Ndiye, baba."

"Yuko nyuma ya nyumba. Daktari kasema atembee. Anazunguka nyumba siku nzima, hata kuku wamemzoea." Alimwonyesha kigoda kingine, na Evalina akakaa, akaanza kuchambua naye. Wakachambua, mpaka mzee alipozungumza tena, macho yake kwenye pamba.

"Aliniambia habari ya mama yake. Ile ya tiketi ilikuwa uongo."

"Pole, baba," Evalina alisema.

"Nilikaa siku nne sisemi naye. Anakula kwangu, analala kwangu, sisemi naye. Siku ya tano nikamuuliza kama ile mechi walishinda. Akasema walishindwa." Mzee aliondoa jani kavu kwenye pamba, akalitazama, akalitupa. "Nililia kuliko siku ya mazishi. Sijui kwa nini. Nenda kamwone, mayu. Hatakuita mwenyewe."

Alimkuta upande wa pili wa nyumba, amesimama, mkono mmoja ukutani na mwingine kwenye fimbo. Alikuwa amekonda. Shati lilikuwa lile jeupe la siku ya stendi, ila sasa lilimning'inia.

"Umekuja," Malimi alisema.

"Nimekuja. Ukitaka niondoke, nitaondoka."

"Tembea na mimi. Nikisimama sana mguu unakaza."

Walitembea. Fimbo, mguu, mguu. Kwenye kona ya zizi Malimi alisimama.

"Ile fomu ya Uskoti ilikuwa na nafasi ya jina moja," alisema. "Amoni angenidanganyia bila hata kufikiri. Ananidanganyia tangu tuko vijana. Niliandika lako."

"Kwa nini?"

"Nimejiuliza sana hospitalini. Nilikuwa najua hujui kudanganya. Nadhani nilitaka mtu anizuie, Eva, mimi mwenyewe sikuweza. Halafu uliponizuia nikakuchukia kwa sababu hiyo hiyo."

Evalina alishika mti wa zizi. Miezi mitano alikuwa amejihukumu kwa neno moja, na kumbe neno lile lilikuwa limeombwa.

"Kusema, ulisema kwa kuwa walikuuliza," Malimi aliendelea. "Kunificha, hilo ni lako."

"Ni langu," alisema. "Nimekuja kukuomba msamaha wa hilo. Kwa lile jingine siombi."

"Usiombe."

Wakazunguka tena mpaka mbele, wakampita mzee aliyejifanya hawaoni, wakarudi nyuma. Evalina aliona ni lazima aulize lililokuwa linamkaba, hata kama litaharibu yote.

"Na sasa unanitaka mimi, au unanitaka kwa kuwa hakuna kingine kilichobaki?"

Malimi alifikiri. Mtu mwingine angejibu haraka, akajibu vizuri.

"Sijui," alisema. "Naamka asubuhi, kitu cha kwanza natafuta viatu vya kukimbilia. Kisha nakumbuka. Kisha nakufikiria wewe. Siwezi kukwambia kwamba wewe ndiye wa kwanza."

Jibu lile lilimchoma. Lakini alipokuwa juu ya bodaboda anarudi Maswa, upepo unampiga usoni, aligundua kwamba ndilo lililomfanya aamue kurudi Jumamosi iliyofuata. Alirudi hiyo, na nyingine. Hawakuwa na vicheko vya mwanzo. Walizungumza habari za kawaida, wakatembea, siku nyingine walinyamaza kutwa nzima. Siku moja Malimi aliona video ya mechi kwenye simu, akaitupa simu kwenye pamba, akakataa kula. Evalina hakumbembeleza. Alimwachia chakula kimefunikwa, akaenda kumsaidia mzee.

Jumamosi ya sita Malimi alimwambia, "Safari hii nimeamka, kabla ya viatu nimekumbuka ni Jumamosi." Kisha akamuuliza kama bado anaweza kutuma wazee kwao.

Wazee walikwenda Maswa katikati ya Septemba. Mzee Ndaki alivaa koti lake la kanisani, akafuatana na ndugu yake Mwandu aliyejua maneno ya shughuli kama hizo. Nyumbani kwa akina Mihayo sebule ilijaa. Malimi hakuweza kukaa kwenye kochi, akaomba radhi akatoka kusimama kwenye ukumbi wa nje, kaegemea nguzo, amevaa suti nyeusi ambayo suruali yake iliishia juu kidogo ya kifundo.

Ndani mambo ya ng'ombe yalizungumzwa yakaisha. Ndipo shangazi Mektilda, mwanamke asiyezungusha maneno, alipouliza swali ambalo wote walikuwa wanalo.

"Huyu kijana atafanya kazi gani? Tumesikia alikuwa anakimbia. Sasa hakimbii."

Mama yake Evalina, Martha, aliinamisha kichwa. Mzee Ndaki akakohoa.

"Kuna shule moja Mwanza tumeiuliza kama anaweza kufundisha watoto mchezo wake," Evalina alisema. "Bado hawajajibu. Wanaweza wasijibu. Mimi nina kazi yangu, shangazi."

"Nimekuuliza yeye."

"Yeye sijui bado. Nisingependa kukudanganya."

Shangazi akasema basi, mwenye macho haambiwi tazama, na mazungumzo yakaendelea. Baadaye Evalina alitoka nje. Alivaa kitenge cha zambarau kilichoshonwa kwa siku hiyo, kilemba kimefungwa juu, na Malimi alimtazama kama mtu asiyeamini kilichomfikia.

"Wamesemaje?"

"Wamekubali."

"Na wewe?"

"Mimi naogopa," Evalina alisema.

"Unaogopa fimbo?"

"Fimbo nimeizoea. Naogopa siku moja tutakuwa tunakula, utaniangalia, na utaiona ile simu ya Februari."

Ndani mtu alikuwa anagawa soda, chupa zinagongana.

"Kuna siku nitaiona," Malimi alisema. "Siwezi kukuahidi kwamba haitakuja."

"Ikija, utaniambia?"

"Nitakwambia kabla chakula hakijapoa."

Haikuwa ahadi ambayo msichana angeiota, na hakujua kama itatosha kwa miaka yote iliyokuwa mbele. Wakaitwa ndani waje waombewe. Palikuwa na ngazi tatu za kupanda. Malimi alihamishia fimbo mkono wa kulia, Evalina akamshika kiwiko cha kushoto, upande ule usiosikia, akamsubiri aone pa kuweka mguu.